Ufa katika Rimu ya Alumini

Gari lililotumbukia katika shimo la barabara baada ya mvua za masika aghalabu huendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Siku chache baadaye tairi huonekana limepungua upepo. Likipelekwa kwa fundi wa pancha, halina tundu. Hapo ndipo yafaa rimu yenyewe ichunguzwe, hasa upande wa ndani ambao dereva hauoni, kwani nyufa nyingi ziletwazo na mashimo huanzia katika ukingo wa upande huo.

Katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, mwenye gari hukuta njia mbili: muuza vipuri mwenye rimu za mtumba, na fundi wa kuchomelea. Kuchomelea huonekana rahisi zaidi kwa mfuko. Je, rimu iliyochomelewa yaaminika? Jibu limo katika jinsi rimu hiyo ilivyotengenezwa.

Rimu za aina hii, ambazo wengi mjini huziita za spoti, si alumini tupu. Ni aloi, yaani mchanganyiko: nyingi zina alumini, silikoni asilimia 7 hivi, na magnesiamu isiyofikia hata nusu ya asilimia 1. Silikoni huifanya aloi itiririke vyema ndani ya kalibu. Magnesiamu, ingawa ni chache, ndiyo iletayo nguvu, lakini sharti isaidiwe na joto. Rimu ikishasubiwa hutiwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 540 hivi za Sentigredi, hupozwa ghafula, kisha hupashwa tena kwa saa kadhaa katika nyuzi 150 hadi 170 hivi. Katika hatua hii ya mwisho chembe ndogo mno za magnesiamu na silikoni hujitenga ndani ya alumini na kuzuia tabaka za atomu zisiteleze. Ugumu wa namna hii uligunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906, alipoona kwamba aloi yake ya alumini imezidi ugumu baada ya kuachwa tu kwa siku chache.

Basi kilichojengwa kwa joto hubomolewa na joto. Moto wa kuchomelea hupita mbali zile nyuzi 170, na kandokando ya mshono chembe hukua, hupungua idadi na kuacha kazi yake. Mshono waweza kuwa mzuri wa kupendeza, lakini jirani yake amelegea. Ndiyo sababu rimu hupasuka tena pembeni mwa mshono. Kuirudishia nguvu hutaka tanuri na vipimo, si kazi ya kando ya barabara.

Iko shida nyingine. Alumini huyeyuka katika nyuzi 660, bali ngozi nyembamba ya oksidi iliyoifunika huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Kwa hiyo hutumiwa umeme wa mkondo geu kuivunja ngozi hiyo, na gesi ya argoni kuzuia hewa isiunde nyingine. Tena chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka na humwonya fundi. Alumini haionyeshi rangi hiyo, huporomoka ghafula. Fundi hodari wa mageti na madirisha aweza kuiharibu rimu bila uzembe wowote.

Kisha kuna uchovu wa metali. Gurudumu la gari dogo huzunguka mara 500 hivi katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita 190 hivi, ni karibu mara 95,000, na kila mzunguko huikunja rimu kidogo na kuikunjua. Chuma kisipoelemewa sana huweza kuvumilia mikunjo hiyo bila kikomo. Alumini haina kiwango cha usalama cha namna hiyo, na ufa ulioanza huzidi kutambaa.

Watengenezaji kwa kawaida hawakubali rimu iliyopasuka ichomelewe. Wapo mafundi wanaoutengeneza ufa mdogo wa ukingoni, ulio mbali na mikono ya rimu, na hapo pana mjadala. Ufa ulio katika mkono, kitovuni au kwenye tundu la nati hauna mjadala: rimu hiyo isirudi barabarani. Kutia tyubu ndani ya tairi ili upepo usitoke ni hila mbaya kuliko zote, kwani huko kupungua kwa upepo ndiko kulikokuwa onyo.

Kupima si kugumu. Rimu husafishwa mpaka grisi na vumbi la breki vitoke, hupakwa mafuta ya taa, huachwa kwa muda, hupanguswa ikauka, kisha hupakwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari juu ya chaki. Anunuaye rimu ya mtumba iliyotoka Japani atafute alama ya JWL, ya kiwango cha nchi hiyo, na aitilie shaka rangi mpya iliyopakwa upande wa ndani.

Rimu iliyokataliwa yafaa ikatwe kwa msumeno kabla ya kuuzwa kama chakavu, isije ikapakwa rangi na kutundikwa tena dukani. Alumini yake haipotei: kuiyeyusha upya huhitaji kiasi cha asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, na wafua vyungu huisubu ikawa masufuria.