Riwaya ya shuleni inayonikosesha raha mimi mwalimu

Kuna kitabu ambacho nikikupendekezea, moyo mmoja unasema soma, mwingine unasema ngoja kwanza. Kinaitwa Notre-Dame du Nil, riwaya ya Scholastique Mukasonga wa Rwanda. Ilitoka 2012, ikatwaa tuzo ya Renaudot kule Ufaransa mwaka huo huo. Tafsiri ya Kiingereza ipo.

Ni hadithi ya shule ya bweni ya wasichana, juu milimani karibu na chemchemi ya Nile, miaka ya mwanzo ya 1970. Kama ulisoma bodi, utacheka. Udaku wa bwenini, visa na masista, mabinti wa wakubwa wanaoringa, yote yamo.

Halafu kicheko kinakwama kooni. Watutsi wanapewa asilimia 10 tu ya nafasi, na Virginia na Veronica wameingia kwa mgao huo. Gloriosa, binti wa waziri, anaona pua ya sanamu ya Bikira Maria imekaa Kitutsi. Anatoka na rafikiye kwenda kuibadilisha, wanarudi wakiwa wamechelewa na kuchafuka. Ili kujitetea anazua uongo: ati wamevamiwa. Uongo huo mdogo unakua, mwishowe wasichana wanawindwa na wenzao.

Kinachoniuma ni walimu. Darasani, historia ni ya Ulaya, Afrika inaachiwa jiografia. Kinyarwanda kinazuiwa, kama vile wengi wetu tulivyovishwa "diski" kwa kuongea lugha ya mama. Na moto unapowaka, watu wazima wanajifungia.

Nilikasirika. Nikasema mwandishi ametuonea. Hakukosa hata mwalimu mmoja jasiri?

Kisha nikakumbuka Januari 2008. Nilikuwa mwalimu mgeni. Baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua zaidi ya Wakenya 1,100, shule ilifunguliwa, na kwenye ukumbi wa chakula wanafunzi wakaanza kukaa kwa makabila. Hakuna aliyewaambia. Mvulana mmoja alibaki peke yake mezani, mwenzake wa zamani akiwa meza ya tatu. Mimi niliona. Niliingia darasani, nikafundisha ngeli.

Kwa hivyo sina ubavu wa kumlaumu Mukasonga. Mwenyewe alilazimika kukimbilia Burundi 1973 akiwa mwanafunzi, na 1994 jamaa zake 37 waliuawa. Anajua anachosema.

Bado nina wasiwasi kukiweka mikononi mwa kidato cha pili. Kina ukatili, na hakikupi mtu mzima wa kumwegemea. Lakini anayemwokoa Virginia ni Immaculée, mwanafunzi mwenzake, tena Mhutu.

Wewe unayesoma haya kwenye matatu, si unajua zile stori za "watu wetu" na "wale" kwenye grupu yenu ya WhatsApp? Usingoje mwalimu aje kuzikemea. Huenda yuko darasani, anafundisha ngeli.