Mwanao anataka kazi ya gari la wagonjwa? Njia inaanzia kidato cha pili

Msimu wa kahawa ukikaribia Karagwe na Kyerwa, familia nyingi hukaa chini kupanga mambo mawili: deni litakalolipwa na ada itakayolipwa. Kwa wakulima wa Nyaishozi, kahawa, ndizi na maharage ndivyo vinavyompeleka mtoto chuoni. Wapo wanaofikia hatua ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini, mtindo unaoitwa butura ambao Serikali imekuwa ikiupiga vita, kwa sababu tarehe ya kuripoti chuoni haisubiri mavuno.

Fedha inayopatikana kwa jasho la namna hiyo haipaswi kupotea kwa kukosa taarifa.

Kijana akisema anataka kufanya kazi kwenye gari la wagonjwa, kama wale anaowaona kwenye filamu wakishuka mbio na machela, wazazi wengi hawajui wamwelekeze wapi. Jibu fupi ni hili: hapa nchini, njia ya uhakika ya kuifikia kazi hiyo inapita kwenye uuguzi au utabibu. Anayetangaza njia ya mkato ya wiki mbili anauza cheti, hauzi ajira.

Saa mbili za mama anayevuja damu

Umuhimu wa kazi hii unaonekana zaidi mahali palipo mbali na hospitali kubwa. Kutoka Nyaishozi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba ni safari ya zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa akihitaji Bugando, hospitali ya kanda iliyopo Mwanza, safari inakuwa ndefu mara kadhaa zaidi.

Wataalamu wa uzazi hufundisha kwamba mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili asipopata msaada. Kwa umbali huo, muda wote unaweza kuishia barabarani. Anayekaa naye nyuma ya gari ndiye hospitali yake kwa wakati huo. Akijua kukanda tumbo la uzazi lijikaze, kusimamia dripu, kutoa dawa kwa wakati na kumweka mtoto mchanga kifuani kwa mama apate joto, mgonjwa anafika akiwa na nafasi. Asipojua, gari linakuwa teksi yenye king'ora.

Katika wilaya nyingi nchini, anayepanda gari hilo ni muuguzi wa kituo kilichotoa rufaa. Ndiye aliyempokea mgonjwa, ndiye anayemsindikiza, na kituoni anaacha zamu ikiwa na pengo. Ndiyo sababu elimu ya dharura inahitajika kwa wauguzi na matabibu wa vijijini kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Majirani wanavyofanya

Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda ilianzisha mwaka 2007 huduma ya kitaifa ya magari ya wagonjwa iitwayo SAMU, inayopigiwa namba 912. Magari yake huongozana na wauguzi na wataalamu wa usingizi.

Kenya imekwenda kwa njia tofauti. Huko kuna kada inayojitegemea ya wahudumu wa dharura, kuanzia ngazi ya msingi hadi wale wanaoitwa paramediki. Mafunzo yanatolewa na taasisi kadhaa, kikiwemo chuo cha Serikali cha KMTC, na waajiri ni pamoja na kampuni binafsi za magari ya wagonjwa na E-Plus, huduma iliyoanzishwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya mwaka 2010.

Mzazi wa Tanzania anayefikiria kumpeleka mtoto Kenya au Uganda aulize kwanza kama cheti hicho kitatambuliwa akirudi nyumbani, na kwa cheo gani. Swali hilo liulizwe kwa NACTVET na kwa baraza la taaluma husika kabla ya ada kulipwa, si baada ya mahafali.

Milango miwili mikubwa

Kwa aliyemaliza kidato cha nne, milango ni stashahada ya uuguzi na ukunga, na stashahada ya utabibu. Kila moja ni miaka mitatu. Sifa ya msingi ni ufaulu wa angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama bila kujua. Mwanafunzi huamua kama ataendelea na Fizikia na Kemia mapema, kwa kawaida baada ya mtihani wa kidato cha pili. Akiyaacha kwa sababu ni magumu au mwalimu hayupo, mlango wa afya unajifunga akiwa na miaka 15 au 16, na hakuna anayemwambia. Mzazi akae na mtoto na mwalimu wa taaluma wakati huo. Fedha ya masomo ya ziada ya Kemia kidato cha tatu ni ndogo kuliko ya kurudia mtihani.

Mkoani Kagera vipo vyuo vya uuguzi vyenye historia ndefu, vikiwemo vya Ndolage na Rubya wilayani Muleba na Murgwanza wilayani Ngara. Chuo cha karibu hupunguza nauli, na mzazi anaweza kwenda mwenyewe kukiona.

Ngazi za juu

Aliyemaliza stashahada hajafika mwisho. Muuguzi husajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga, huanza kazi, kisha anaweza kuomba shahada akitimiza sifa. Chuo Kikuu cha Muhimbili (MUHAS) kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi.

Kwa upande wa madaktari, mabadiliko makubwa yalianza mwaka 2010, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua idara kamili ya magonjwa ya dharura. Mwaka huohuo MUHAS ilianza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo, na wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Njia yao ni ndefu: miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha mitatu ya ubingwa.

Baadaye, sehemu ya mkopo wa Sh1.3 trilioni ambao nchi iliupata mwaka 2021 kukabiliana na athari za Uviko-19 ilitumika kujenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali za mikoa na wilaya. Majengo hayo yanahitaji watu. Kijana anayeanza stashahada leo anasomea kazi ambayo miaka 20 iliyopita haikuwa na idara yake.

Asiye na alama za sayansi

Kwake pia ipo nafasi. Dereva wa gari la wagonjwa serikalini huajiriwa kwa cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja linalotakiwa na mafunzo ya msingi ya udereva ya VETA au chuo kinachotambuliwa. Dereva mtulivu anayejua huduma ya kwanza ni nusu ya timu.

Nafasi nyingine ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wakazi wa Kagera wanaikumbuka Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakafariki. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa waliowahi kuokoa, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe kwenye jeshi hilo na kupewa mafunzo. Ujasiri alikuwa nao tayari; mafunzo ndiyo yanayougeuza kuwa kazi.

Hata dereva wa bodaboda ana nafasi. Katika mfumo wa M-mama, ulioanza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022, anayepiga namba 115 bila malipo kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga hutafutiwa gari la wagonjwa, na lisipopatikana huitiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Nchini Uganda, wilayani Iganga, zaidi ya madereva bodaboda 150 walifundishwa huduma ya kwanza kwa majeruhi wa ajali, kwa sababu wao ndio hufika kwanza.

Kabla hujalipa

Hakikisha mambo manne. Kwanza, chuo kimesajiliwa na NACTVET, na kozi yenyewe imeidhinishwa; chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi isiwe nao. Pili, uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, kwa sababu dharura haijifunzwi ubaoni. Tatu, uliza ada yote kwa miaka mitatu, pamoja na sare, bima, mitihani na malazi, si ya muhula wa kwanza pekee. Nne, ulizia mkopo: tangu mwaka wa masomo 2023/24, Bodi ya Mikopo (HESLB) imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya.

Kozi fupi za huduma ya kwanza, kama za Msalaba Mwekundu, ni nzuri na kila familia ingefaidika nazo. Lakini ni ujuzi wa nyongeza, si leseni ya kazi.

Mwisho, zungumza na mwanao ukweli wa kazi yenyewe. Kuna zamu za usiku, damu, na wagonjwa watakaofia mikononi mwake. Kuna hatari pia: katika mlipuko wa Marburg wa mwaka 2023 wilayani Bukoba, mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwa watu sita waliofariki. Kijana anayesikia hayo na bado anaitaka kazi hiyo ana sababu ya kutosha ya kung'ang'ania Kemia.