Kuku Anayeatamia Si Mkaidi

Ikiwa unafuga kuku wawili watatu nyuma ya nyumba yako, bila shaka umekwisha kuyaona mambo haya. Tetea aliyekuwa akitaga vizuri anaacha kutaga ghafula. Anashinda kiotani, anatimua manyoya, na anamdonoa kila aingizaye mkono. Wako wanaomtosa katika ndoo ya maji, na wako wanaomfunga miguu au kumchapa, wakidhani kwamba huo ni ukaidi. Je, ni ukaidi kweli?

Hasha. Chini ya ubongo wa kuku, kama ilivyo kwa binadamu, imo tezi ndogo ipokeayo amri za ubongo na kumimina homoni katika damu. Homoni ni mjumbe: hupita mwilini mwote, lakini habari zake husikiwa na viungo vinavyohusika tu. Mwaka 1935, huko Marekani, Oscar Riddle na wenzake walithibitisha kwamba kuku wakidungwa homoni iitwayo prolaktini huweza kuanza kuatamia.

Mambo huenda hivi. Kuku akikaa juu ya mayai, ngozi ya tumbo lake huyagusa, na mishipa ya fahamu hupeleka habari hiyo kwenye ubongo. Ubongo nao huiamuru tezi itoe prolaktini kwa wingi. Hapo ovari, yaani sehemu itengenezayo mayai, husinyaa. Hamu ya chakula hupungua. Na kuku hutulia kiotani siku 21, mpaka vifaranga waanguliwe. Kadiri anavyoyagusa mayai, ndivyo homoni inavyozidi kumshikilia.

Ndiyo maana fimbo haisaidii kitu: amri imo damuni. Kama huhitaji vifaranga, ondoa mayai na kiota, umweke katika tundu lenye sakafu ya wavu lipitishalo hewa, pamoja na maji na chakula cha kutosha. Asipogusa tena mayai wala kiota, prolaktini hushuka, na baada ya majuma machache ataanza kutaga.

Lakini kama wavihitaji vifaranga, mwache mahali patulivu, umwekee chakula na maji karibu. Mama huyo yumo kazini, na kazi yake ni kuwaongezea kitoweo watoto wako.