Umeme na Taarifa Ndani ya Kebo Moja

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi, maji yakavamia mialo na nyumba za watu wa ufukweni. Ndiyo maana nilipofika mwaka wa mwisho nilichagua mradi wa kupima usawa wa maji. Nikafunga kihisi kwenye nguzo huko Luchelele, pamoja na betri na sola yake. Wiki ya pili nikakuta kihisi kinaning'inia peke yake. Betri na sola vimeshaondoka.

"Mwanangu, betri huku hailali nje," akaniambia mzee mmoja anayeanika dagaa pale.

Mita 60 kutoka kwenye nguzo kuna kibanda cha mlinzi chenye umeme na intaneti. Nikawaza: kebo ya intaneti ina nyaya nane, yaani jozi nne. Etheneti ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi mbili tu, hizo nyingine zipo zipo. Basi nizipitishie volti 5 za chaja ya simu! Mezani, kwa kebo ya mita mbili, mambo safi. Ufukweni kifaa kikawa kinawaka, kinazima, kinawaka, kinazima. Na zilibaki siku kumi nitetee mradi.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu ya kidato cha pili. Waya mmoja wa shaba wa kebo hizi una ukinzani wa karibu omu 9 kwa mita 100. Nyaya mbili za kwenda na mbili za kurudi, kwa mita 60, zinafanya omu 5.4. Kifaa changu kinavuta ampea 0.4. Zidisha: volti 2.16 zinapotelea njiani, zinafika 2.84. Hapo kifaa kitasimamaje?

Sasa tuma wati zilezile 2 kwa volti 48. Mkondo unashuka hadi ampea 0.042, na kinachopotea ni volti 0.23 tu. Kule mwisho unaweka kipunguza volti, kifaa kinapata 5 zake kamili.

Mafundi huita mpango huu PoE. Kiwango chake cha kwanza, IEEE 802.3af, kilitoka 2003: swichi inatoa hadi wati 15.4, na baada ya mita 100 kifaa kinabaki na 12.95. Tena swichi hiyo ina adabu. Kwanza inapeleka volti kidogo kutafuta ukinzani wa kiloomu 25 upande wa pili. Isipouona, haitoi umeme. Injekta nyingi za bei ya chini hazibishi hodi. Ukichomeka laptop yako kimakosa, unaweza kuiunguza.

Mambo mawili kabla hujanunua. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ukinzani wake ni mkubwa zaidi. Pili, mvua za usiku za ziwani huja na radi, kwa hiyo funga kikinga radi na waya wa erthi.

Mradi niliutetea, nikapita. Kebo nimeifukia ndani ya bomba, na kule kwenye nguzo hakuna tena betri ya kumtamanisha mtu. Siku hizi nikifika Luchelele, shikamoo haijaisha kuitikiwa, mzee ameshaniuliza: "Maji yamepanda au yameshuka?" Namwonyesha kwenye simu.