Kabla ya kununua kompyuta ya kuhariri video, ulizia kamera kwanza

Na MWANDISHI WETU

SIKU hizi si ajabu kumsikia mzazi jijini Nairobi akinung'unika kwamba mwanawe anayesomea utayarishaji wa filamu ameomba pesa za kompyuta, na kiasi alichotaja kinakaribia bei ya ng'ombe wa maziwa. Mzazi hushangaa. Je, si tayari kuna kompyuta pale nyumbani? Si ile ile inayochapa barua za kanisa?

Dada yangu mkubwa, mkazi wa Buruburu, alijipata katika hali hiyo mwaka 2023. Pesa alizotoa zilikuwa za chama, shilingi 140,000 ambazo alikuwa ameingojea zamu yake mwaka mzima kuzipata. Mwanawe, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, tayari alikuwa amepokea arbuni ya harusi mbili. Aliandamana na rafiki yake, wakazunguka maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue kutwa nzima. Jioni walirudi kwa teksi na kasha jeusi lenye kioo ubavuni na feni zinazowaka rangi kama za disko. Majirani walikuja kuitazama.

Wiki mbili baadaye simu yangu ililia.

"Mjomba, shikamoo. Hii mashine imenishinda," kijana alisema kwa sauti ya chini. "Video inakwama kila sekunde. Bibi harusi ananipigia kila asubuhi, na mama bado hajui."

Nilipofika nilikuta kompyuta isiyo na kasoro machoni. Ilikuwa na kadi ya grafiki ya NVIDIA RTX 3060, prosesa ya Intel Core i5-12400F na memori ya gigabaiti 16. Michezo ya kompyuta ilikwenda kama maji. Lakini akifungua video ya harusi, picha ilisonga hatua moja na kusimama, ikasonga na kusimama, kama matatu kwenye msongamano wa Jogoo Road.

Kumbe tatizo lote lilikuwa herufi moja tu: ile F.

Barua fupi za kamera

Ili tuelewane, yafaa tujue kamera hufanya nini. Sekunde moja ya video huwa na picha 25 hivi, wakati mwingine 50. Kama kamera ingehifadhi kila picha nzima nzima, kadi yake ingejaa kabla bibi harusi hajashuka garini. Kwa hivyo huzibana. Katika mtindo uitwao H.265, ambao ulitolewa mwaka 2013, kamera huandika picha moja kamili, kisha katika zile zinazofuata huandika tofauti tu. Ni kama mama kijijini anayemwandikia mwanawe aliye mjini: mambo ni yale yale niliyokueleza juzi, ila yule mbuzi mweusi amezaa. Barua ni fupi, lakini anayeisoma sharti akumbuke ya juzi. Kompyuta husoma barua 25 kama hizo kila sekunde, na ukiirudisha video nyuma kidogo, inalazimika kuanza tena kutoka ile barua ndefu ya kwanza.

Isitoshe, kamera kama Canon EOS R6 ya mwaka 2020 na Sony A7 IV ya 2021 zinaweza kuwekwa zirekodi rangi kwa undani zaidi, namna ambayo mafundi huiandika 10-bit 4:2:2. Ni jambo jema kwa gauni jeupe na ngozi nyeusi ndani ya kanisa lenye taa za manjano. Lakini mzigo wa kuifungua video hiyo ni mkubwa.

Ndani ya kadi za grafiki, na ndani ya prosesa nyingi, kuna sehemu ndogo iliyoundwa kwa kazi moja tu ya kufungua video zilizobanwa. Ile ya RTX 3060 haifungui H.265 ya 4:2:2. NVIDIA ilianza kuifungua katika kadi za RTX 50 zilizotoka mwaka 2025. Prosesa za Intel za kompyuta za mezani, kwa upande wao, zimekuwa zikiifungua tangu kizazi cha 11, mradi tu ziwe na grafiki yake ya ndani. Na hiyo F mwishoni mwa jina maana yake ni kwamba grafiki ya ndani haipo. Bei hushuka kidogo, na mcheza michezo hapotezi lolote. Anayeumia ni mhariri wa harusi.

Kwa maneno mengine, kijana wetu alikuwa amelipia kadi ya bei kubwa kuliko kitu kingine chochote ndani ya kasha, kisha akaokoa shilingi chache mahali pale pale alipozihitaji.

Tulirudi dukani. Muuzaji alitutazama, akasema bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Ikabidi tumuuzie prosesa hiyo kijana mwingine mcheza michezo kwa hasara ya shilingi elfu nne, tukaongeza pesa na kununua i5-12400 isiyo na F. Hata hapo video iliendelea kukwama! Fundi mmoja mzee, ambaye meza yake iko ngazi za orofa ya pili, ndiye aliyetuokoa. Aliingia katika mipangilio ya BIOS akaiwasha grafiki ya ndani, kwa maana bodi nyingi huizima zinapoona kadi nyingine imechomekwa.

"Hapo mngenunua kompyuta nyingine bure," akacheka, akaitisha mia tano yake.

Siku zile za kungojea, kijana hakukaa bure. Alikuwa akilipia programu ya Premiere Pro kwa mwezi, na programu hiyo, sawa na DaVinci Resolve, inaweza kutengeneza nakala nyepesi za video. Unaiacha kompyuta ikizitengeneza usiku kucha, asubuhi unakata na kuunganisha ukitumia hizo nakala, na wakati wa kutoa video ya mwisho programu inarudia zile faili asili. Harusi ya kwanza ilimalizika kwa njia hiyo. Ninashangaa ni wanafunzi wangapi wanaowasumbua wazazi wao kwa kompyuta mpya kabla ya kujaribu jambo hili lisilogharimu senti.

Kuhusu DaVinci Resolve, toleo lake la bure limewafaa wengi, na programu yenyewe huitegemea sana kadi ya grafiki hasa katika kazi ya rangi. Lakini toleo la bure halina kila kitu kilicho katika lile la kulipia. Chukua faili moja ya kamera yako uijaribu kabla ya kuagiza vifaa.

Pale pesa zinapofichika

Kuhusu memori sina mengi. Gigabaiti 16 ni za kuanzia, na kwa video za 4K tafuta 32. Nunua vipande viwili vya 16 badala ya kimoja cha 32, kwani prosesa hutumia vyote viwili kwa pamoja. Hakikisha pia bodi kuu ni ya DDR4 au DDR5 kabla ya kulipa, maana kipande cha aina moja hakiingii katika nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya memori ilipanda duniani kote viwanda vilipogeukia wateja wa akili bandia, kwa hivyo usiende mjini na orodha ya bei ya zamani.

Diski ndizo huwashangaza wengi. Fanya hesabu nami. Video inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, harusi ya saa tano, tayari ni gigabaiti 450. SSD ya gigabaiti 500 aliyouziwa mpwa wangu, ambayo pia ilikuwa imebeba Windows na programu zake, haingetosha hata Jumamosi moja. Bora SSD ya NVMe ya terabaiti moja kwa kazi inayoendelea, na diski ngumu ya kawaida kwa kazi zilizokwisha. Diski hiyo ya kawaida ni nzito kwa kazi ya kamera kadhaa kwa wakati mmoja, lakini kwa ghala haina kifani kwa bei.

Tena nunua mbili! Harusi hairudiwi. Nakala moja ikae nyumbani na nyingine kwa shangazi. Na ukiuziwa SSD au kadi ya kamera kwa bei ya kutupa, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huijaza data kisha kuisoma tena. Zipo zinazojitangaza kuwa na terabaiti mbili ilhali ndani mna gigabaiti chache tu.

Kifaa ambacho hakuna kijana anayekipenda ni pawa saplai, kwa kuwa hakiwaki taa. RTX 3060 hutumia wati 170, na i5-12400 inaweza kufika 117. Pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha. Ile hafifu iliyoandikwa 800 kwa stika inaweza kuungua na kuondoka na vifaa vingine. Ongeza na UPS, maana stima ikipotea video ikiwa asilimia 90, unaanza upya na mteja yuko mlangoni.

Kwa mzazi ambaye hana pesa za chama, zipo zile kompyuta za ofisi zilizotumika, wenyewe huziita ex-UK. Si mbaya hata kidogo kwa mwanafunzi. Lakini uliza kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Tazama pia unene wa kasha. Yale membamba hayapokei kadi ya grafiki ya kawaida, na pawa saplai zake mara nyingi ni za umbo lake lenyewe, huwezi kuzibadilisha kwa nyingine ya dukani.

Na ukipata prosesa iliyotumika ya Intel ya kizazi cha 13 au 14, hasa zile kubwa, uliza kama BIOS ya bodi yake ilisasishwa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikipokea umeme kupita kiasi na kuharibika polepole, ikatoa marekebisho kuanzia Agosti mwaka huo na kuongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho huzuia madhara mapya, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia.

Mpwa wangu alimlipa mama yake nusu ya pesa za chama kabla ya mwaka kwisha. Akipata mpiga picha mpya wa kushirikiana naye, jambo la kwanza humwomba amtumie video ya dakika moja kutoka kwa kamera yake, aifungue kwanza. Zile feni za rangi alizizima taa zake kwa sababu zilimuumiza macho usiku. Dada yangu hakufurahia. Anasema wageni walizipenda.