Dawa ya sindano ya unga: kwa nini maji yaliyochemshwa hayatoshi

Dodoma. Wagonjwa wengi huruhusiwa kutoka hospitali za mjini wakiwa na vichupa vya dawa ya unga, wakamalizie sindano zao kwenye zahanati iliyo karibu na nyumbani, iwe Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa. Mara nyingine wakifika huko wanaambiwa dawa ipo, lakini maji ya kuchanganyia hayapo. Hapo huibuka swali: je, maji ya chupa ya dukani hayawezi kutumika? Na yale yaliyochemshwa nyumbani yakapoa?

Jibu ni hapana. Makala hii inaeleza sababu, na namna ya kuyatambua maji yanayofaa.

Mkanganyiko unaanzia wapi?

Wazazi wengi wanaifahamu dawa ya unga ya kunywa ya watoto, kwa mfano amoksilini. Maelekezo yake ni kuongeza maji safi yaliyochemshwa na kupoa hadi kwenye alama ya chupa, kisha kutikisa. Maelekezo hayo ni sahihi, kwa kuwa dawa hiyo inapita tumboni. Tumbo lina tindikali, na utumbo una kinga yake. Vijidudu vichache vinavyoingia na maji kwa kawaida huishia huko.

Sindano inaruka ulinzi wote huo. Kinachoingia kwenye mshipa kinafika kwenye moyo na ubongo ndani ya muda mfupi, na kinachoingia kwenye msuli kinabaki ndani ya nyama. Ndiyo maana maji salama kwa kunywa si lazima yawe salama kwa sindano.

Kuchemsha kunaacha nini?

Kwanza, kunaacha baadhi ya vijidudu. Wapo bakteria, wakiwemo wale wa pepopunda, wanaojifunika gamba gumu linaloweza kustahimili maji yanayochemka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu ya mwinuko huo maji yetu huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100. Kwa maji ya kunywa tofauti hiyo haina madhara. Lakini viwandani maji ya sindano hupitishwa kwenye mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121 kwa angalau dakika 15, joto ambalo sufuria ya nyumbani haiwezi kulifikia.

Pili, kunaacha sumu ya bakteria waliokwisha kufa. Mwaka 1923 mwanasayansi wa Marekani, Florence Seibert, alionyesha kwamba homa zilizowapata wagonjwa baada ya kuchomwa sindano zilitokana na mabaki ya bakteria ndani ya maji, hata kama maji hayo yalikwisha kuchemshwa na mvuke wake kukusanywa. Mabaki hayo, yanayoitwa endotoksini, hayaharibiki kwa kuchemsha. Yakiingia kwenye damu, mgonjwa hutetemeka, hupata homa kali, na shinikizo la damu linaweza kushuka.

Tatu, kunaacha chumvi. Mkazi wa Dodoma hahitaji kuelezwa sana, kwani ukoko mweupe ndani ya birika unatosha. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi ile ile hubaki kwenye maji machache zaidi. Baadhi ya dawa huungana na kalsiamu iliyomo kwenye chumvi hizo na kutengeneza chembe ngumu.

Maji ya chupa ya dukani nayo yametengenezwa kwa ajili ya kunywa. Maji ya betri hayafai kabisa, hata kama muuzaji atasema yamechujwa.

Maji sahihi yanatambulikaje?

Huuzwa famasi yakiwa kwenye vichupa vidogo vya plastiki au kioo, mara nyingi vya mililita 5 au 10, vilivyofungwa kabisa. Lebo huwa na maneno ya Kiingereza "Water for Injections", jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiinue kichupa kwenye mwanga: maji yawe angavu, bila chembe wala ukungu. Kikiwa na ufa au kinavuja, kirudishe.

Maji hayo hayana kihifadhi. Kichupa kikishafunguliwa hutumika mara moja, na yaliyobaki humwagwa. Kuyahifadhi kwa ajili ya mgonjwa wa kesho, au kuchota kidogo kidogo kwenye chupa moja ya dripu kwa wagonjwa kadhaa, ni kuwagawia watu vijidudu.

Si kila unga huchanganywa na maji

Hili nalo ni muhimu. Sindano ya artesuneti, inayotumika kwa malaria kali, kwa kawaida huyeyushwa kwanza kwa sodiamu baikaboneti inayokuja nayo kwenye boksi, kisha huongezwa maji ya chumvi au ya glukosi ya dripu. Maji matupu ya sindano hayatumiki hapo. Seftriaksoni ya kwenye msuli inaweza kuchanganywa na dawa ya ganzi ili kupunguza maumivu, lakini mchanganyiko huo ni marufuku kuingia kwenye mshipa. Chanjo kama ya surua huja na maji yake maalumu, na ikishachanganywa haitumiki baada ya saa 6.

Gharama ya uzembe ilionekana Mei 2017 katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, ambako watoto 15 walifariki baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulibaini kuwa bomba moja la sindano lilitumika kuchanganyia vichupa kwa siku zote nne za kampeni, na chanjo haikutunzwa kwenye baridi. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichoua ni namna ilivyochanganywa na kutunzwa.

Unga wa mitandaoni na dawa za mifugo

Siku hizi zipo pia peptidi za unga zinazotangazwa kwenye simu kwa ajili ya kupunguza uzito au kujenga misuli, mnunuzi akielekezwa ajichanganyie na kujichoma mwenyewe. Wauzaji wengine hutaja maji yenye kihifadhi cha benzaili alkoholi, yanayoweza kutumika hadi siku 28 baada ya kufunguliwa. Maji hayo yapo kitabibu, ingawa ni hatari kwa watoto wachanga. Lakini maji safi hayasafishi unga mchafu. Kama dawa haijasajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), hakuna aliyekuhakikishia kilichomo.

Kwa wafugaji, unga wa diminazeni, ambao wengi huuita Berenil, nao unahitaji maji ya sindano. Maji ya lambo au ya ndoo yanaweza kumletea ng'ombe jipu pale alipochomwa.

Ufanye nini?

Unapoandikiwa sindano ya unga, muulize mfamasia kabla hujaondoka: inachanganywa na nini, kiasi gani, na vichupa vingapi vinatosha dozi yote? Nunua vyote pamoja famasi. Kumbuka duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano. Nenda kwenye kituo cha kutolea huduma. Ukiwa pale, una haki ya kuomba kichupa na bomba jipya vifunguliwe mbele yako.

Kama maji sahihi hayapo, usikubali mbadala wa nyumbani, na usiiache dozi ipite kimya kimya. Mwombe mhudumu awasiliane na kituo cha jirani, au akupe rufaa siku hiyo hiyo.

Baada ya sindano, ukiona kutetemeka, homa ya ghafla, kupumua kwa shida, au uvimbe unaozidi kuwa mwekundu na wenye maumivu, rudi kituoni haraka. Nenda na vichupa vilivyotumika, kwa sababu namba ya toleo iliyo kwenye lebo ndiyo itakayowasaidia wataalamu kufuatilia chanzo.