Kitabu cha Picha za Santuri: Wapenzi Wasemaje?

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo mtu aweza kulidhania dogo, yaani habari za kitabu cha picha kilichotungwa juu ya kampani moja ya kutoa santuri za jazi, na maneno ambayo wapenzi wa muziki huyasema juu ya kitabu cha namna hiyo. Huenda msomaji aliyeketi barazani pake Masanze, katika Wilaya ya Kilosa, atauliza, "Santuri za Marekani zatuhusu nini sisi?" Swali lake ni la haki, wala hatutalikwepa. Tutaanza mbali, kisha turudi nyumbani. Na mwisho tutaonyesha ya kuwa jambo hili lagusa hata sanduku la zamani lililo chini ya kitanda cha mzee wa jirani.

Kwanza tueleze maana ya maneno. Santuri ni sahani nyembamba iliyochongwa mfereji mwembamba kama uzi, unaozunguka tangu ukingoni hata karibu na kati. Sindano ya gramafoni ikipita katika mfereji huo hutikisika, na mtikisiko huo ndio uletao sauti. Katikati ya sahani hubandikwa karatasi ya mviringo yenye jina la wimbo, jina la mwimbaji au bendi, nambari, na chapa ya kampani iliyoitoa. Chapa hiyo ni kama chapa ya jembe au ya pakiti ya majani ya chai: mnunuzi akiijua na kuiamini, hununua hata kabla ya kuonja.

Neno jazi nalo lahitaji maelezo. Huko Marekani ni muziki ulioanzishwa na watu weusi, na mji wa New Orleans ndio unaosifiwa kuwa kitovu chake. Katika nchi zetu neno hili lilichukuliwa kwa njia nyingine. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu miaka ya 1930, na Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, lakini bendi hizo hazikupiga jazi ya Wamarekani. Zilipiga dansi ya kwetu, tena zikapenda sana mapigo yaliyotoka kisiwa cha Cuba. Basi jina ni moja, lakini vyungu ni viwili.

Sasa tuitazame kampani yenyewe. Jina lake ni Blue Note, nayo ilianzishwa mjini New York mwaka 1939. Mkuu wa kazi alikuwa Alfred Lion, mzaliwa wa Berlin, aliyeipenda jazi tangu ujana wake. Mwaka huo huo rafiki yake wa Berlin, Francis Wolff, naye aliikimbia Ujerumani ya Hitler, akaja kumsaidia. Hawakuwa matajiri. Katika siku zao za mwanzo walinasa muziki alfajiri, kwa sababu saa hizo wapigaji walikuwa wametoka kazini katika vilabu vya usiku. Baadaye wakawa na desturi ambayo kampani nyingine hazikuwa nayo: waliwalipa wapigaji hata kwa siku za mazoezi, si kwa siku ya kunasa peke yake.

Wolff alikuwa na kamera. Kila muziki uliponaswa, yeye alipita kimya kimya akiwapiga picha wapigaji: huyu amefumba macho, huyu ameshika tarumbeta na jasho lamtiririka, huyu anacheka na mwenzake. Fundi wa kunasa sauti alikuwa Rudy Van Gelder, aliyeanza kazi hiyo katika sebule ya wazazi wake. Na tangu miaka ya katikati ya 1950 mchoraji Reid Miles alizichukua picha za Wolff, akazikata, akazipaka rangi moja au mbili, akapanga herufi kubwa kandokando yake, akafanya majalada ambayo hata leo watu huyatundika ukutani. Ajabu ni kwamba Miles mwenyewe hakuwa mpenzi wa jazi. Alipendelea muziki wa kale wa Ulaya. Lion ndiye aliyemweleza kila santuri ina maana gani.

Kampani hiyo iliuzwa katika miaka ya 1960, Wolff akafa mwaka 1971, na Lion mwaka 1987. Lakini jina halikufa. Vitabu vya picha vimetungwa zaidi ya kimoja. Mwaka 1991 kilitoka kitabu cha majalada peke yake. Mwaka 2014, kampani ilipotimiza miaka 75, kilitoka kitabu kikubwa cha Richard Havers, kilichotungwa kwa idhini ya kampani, chenye habari zake na picha nyingi za Wolff.

Wapenzi wa jazi wakikifungua kitabu cha namna hii hawasemi neno moja. Sisi twaweza kuwagawa katika makundi manne, na kila kundi lina hoja yake.

Kundi la kwanza ni watu wa macho. Hawa hufurahi kuliko wote. Husema kwamba santuri si sauti tu, bali ni kitu cha kushikwa na kutazamwa, na kwamba mtu anayesikiliza hali amelishika jalada mapajani husikia vizuri zaidi. Malalamiko yao ni kwamba picha nyingine zimechapwa ndogo mno, hata jalada la sentimita 30 kila upande limekuwa sawa na stempu ya barua.

Kundi la pili ni watu wa masikio. Hawa hununa kidogo. Husema, "Kitabu hakiimbi." Huona hatari ya watu kupenda majalada hata wakasahau kusikiliza, mfano wa mtu asifuye kawa iliyofunika chakula, asionje chakula chenyewe. Nao hukumbusha kwamba aliyeyachora majalada yale hakuwa akizisikiliza santuri zenyewe kwa mapenzi.

Kundi la tatu ni watu wa majina na tarehe. Hawa huanza kitabu kwa kurasa za mwisho. Wataka kujua nani alipiga ngoma, nani alipiga zeze kubwa la besi, siku gani, mahali gani. Wakikuta kosa la mwaka mmoja hawalali. Wengine huwacheka, lakini sisi hatuwacheki, na sababu yake itaonekana baadaye kidogo.

Kundi la nne ni watu wa haki. Hawa husoma kitabu kilichotungwa kwa idhini ya kampani, kisha hukumbuka methali yetu isemayo, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Huuliza: sifa zote hizi ni za wenye kampani, je, wapigaji walipata nini? Mbona miaka ya fahari imeandikwa kwa kurasa nyingi, na miaka ya taabu kwa kurasa chache? Swali lao si la chuki. Kitabu kizuri chaweza kusifu na kuhesabu pia.

Nani mwenye haki katika makundi haya? Sisi twaona ya kuwa kila mmoja ameshika upande wake wa tembo. Lakini kuna jambo moja ambalo makundi yote manne yanalo bila kulitaja: wote wanagombana juu ya kitabu kilichopo. Na sasa turudi nyumbani.

Mkoa wetu wa Morogoro ulikuwa moja ya vitovu vya dansi katika nchi hii. Mwaka 1948 Salum Abdallah alianzisha bendi mjini Morogoro, ambayo baadaye ilijulikana sana kwa jina la Cuban Marimba. Yeye akafa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Katika Morogoro Jazz alitokea Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa na mwimbaji ambaye sifa zake zilifika mbali nje ya Tanzania. Mwaka 1973 alianzisha Super Volcano, na mwezi wa Januari mwaka 1979 naye akafa kwa ajali ya gari, huko Mombasa. Reli iliunganisha Kilosa na Morogoro tangu siku za Wajerumani, basi haikuwa vigumu kwa santuri za mjini kufika katika vijiji vyetu. Bado wako wazee na mabibi waliocheza nyimbo hizo walipokuwa vijana.

Je, kiko wapi kitabu cha picha cha chapa zilizotoa nyimbo hizo? Santuri za Salum Abdallah zilitolewa na chapa ya Mzuri, ya duka la Assanand huko Mombasa. Kitabu cha picha cha Mzuri kinachoweza kuwekwa kando ya kile cha Blue Note sisi hatujakiona. Watu wengine watasema ni kwa sababu wageni wana fedha. Fedha ni sababu moja, lakini si yote. Sababu nyingine imo katika santuri zenyewe, na yafaa wanafunzi waielewe.

Santuri za Blue Note za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa kubwa, zenye nyimbo kadhaa kila upande. Jalada lake lilikuwa na nafasi ya picha mbele, na nyuma nafasi ya majina ya wapigaji wote na maelezo marefu. Dansi yetu ilitolewa zaidi kwa santuri ndogo, zenye wimbo mmoja kila upande. Mara nyingi santuri hizo zilitiwa katika mfuko wa karatasi wenye jina la kampani tu, na tundu katikati ili chapa ionekane. Mfuko mmoja ulifaa kwa bendi yo yote. Basi picha ya mpigaji haikuwapo, na juu ya chapa liliandikwa jina la bendi au la mwimbaji mkuu. Aliyepiga gitaa la pili, aliyepiga tumba, aliyeitikia: majina yao hayakupata mahali. Tena bendi zetu zilitegemea studio na viwanda vya Kenya kwa kutoa santuri, hivyo karatasi za kazi zilibaki mbali na wenye nyimbo.

Hapa ndipo tunapowakumbuka watu wa majina na tarehe, wale wanaochekwa. Tutoe mfano mmoja. Mwaka 1960 Mmarekani Randy Weston, mpiga piano, alinasa muziki wa santuri iitwayo Uhuru Afrika, iliyotolewa kwa chapa ya Roulette. Ndani yake yasikika maneno ya Kiswahili. Aliyeyasema ni Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika aliyekuwa New York siku hizo. Jina lake limehifadhiwa pamoja na majina ya wapigaji, na kwa hiyo hata leo twaweza kusema kwamba sauti ya mtu wa kwetu ilikuwamo katika jazi ya Marekani. Kama jina lingepotea, tungesikia sauti tu, tusijue ni ya nani.

Wala tusidhani kwamba kwetu hapajapata kutokea mtu wa kuandika. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hata Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake kwa Kiswahili safi. Kitabu hicho hakikungoja kampani wala picha za fahari. Kilihitaji mtu wa kuuliza, na mtu wa kujibu.

Basi yapo mambo ambayo mwanafunzi wa Masanze aweza kuyafanya bila fedha nyingi. Na achukue daftari. Na aende kwa mzee mwenye santuri za zamani, amwamkie kwa adabu, amwombe ruhusa. Kwa kila santuri aandike mambo haya: jina la chapa, nambari, wimbo wa upande wa kwanza na wa pili, na jina la bendi, yote kama yalivyochapwa. Kisha amwulize babu au bibi: Ulinunua wapi, na mwaka gani? Nani alikuwa akipiga? Mlicheza wapi? Jambo lililochapwa aliandike mbali na jambo lililosimuliwa, ili msomaji wa kesho ajue lipi ni lipi. Ikiwapo picha ya bendi, aandike majina ya waliosimama kutoka kushoto hata kulia, maana picha isiyo na majina baada ya miaka michache huwa picha ya wageni.

Santuri nazo zatakiwa kusimamishwa wima, mbali na jua, wala zisirundikwe moja juu ya moja, kwa maana joto na uzito huzipinda. Na mifuko ya karatasi isitupwe, hata ikiwa imetafunwa na mchwa.

Twasema haya kwa haraka kidogo, nayo haraka hiyo ina sababu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Salum Abdallah alipofariki, leo ni mzee wa miaka 80 hivi. Picha za Wolff zilikaa ndani ya makasha kwa miaka mingi, na nyingi zilitolewa baada ya kufa kwake, makasha yalingoja. Lakini kumbukumbu ya mtu haiwekwi kashani, wala haingoji. Wapenzi wa Blue Note wana bahati ya kugombana juu ya ukubwa wa picha. Nasi twatamani siku moja vijana wa Kilosa na Morogoro wagombane vivyo hivyo juu ya kitabu cha dansi ya kwao, huyu akisema picha ni ndogo, na huyu akisema jina la mpiga tumba limekosewa. Siku hiyo itakuja ikiwa daftari litafunguliwa sasa, wazee wangali hai.